Uzito Ukishashuka, Nani Anauzuia Usirudi?

Kupunguza kilo kumi kunawezekana, na wengi hapa Dodoma wamezipunguza. Shida huanza baada ya hapo. Unakutana na mtu yule yule baada ya miaka miwili, kilo zimerudi, mara nyingine na nyongeza, na zile suruali pana alizozigawa kwa furaha inabidi anunue nyingine. Mjadala huu unahusu hicho kipindi cha pili, ambacho matangazo ya kupunguza tumbo hayakitaji.

Sauti zilizomo nimezitunga mimi. Hoja zake ni za watu: zinasikika kwenye mabasi ya watumishi yaendayo Mtumba, kwenye mabenchi ya kliniki, kwenye vibanda vya chakula Majengo na barabarani alfajiri watu wanapokimbia. Wako watano: Mtumishi wa wizara aliyehamia kutoka Dar es Salaam, Kocha wa klabu ya jogging, Muuguzi wa kliniki ya sukari na presha, Mama Lishe, na Bibi wa Mvumi aliyekuja mjini kumtembelea mjukuu wake. Mimi nitaingilia pale ninapoona hoja inapita bila kujibiwa.

Tuanze na mji wenyewe. Sensa ya 2012 ilikuta watu wapatao 411,000 katika eneo ambalo leo ni Jiji la Dodoma. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Katikati ya sensa hizo mbili, mwaka 2016, Serikali ilianza kuhamia, na ofisi zikaja na watu wake. Katika miaka hiyo hiyo uzito ulikuwa unapanda nchi nzima: utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri, ule wa 2022 ukakuta kiwango kimepanda zaidi. Kwamba kuhama kunanenepesha si dhana ya vijiweni. Watafiti waliwafuata watu zaidi ya 200 waliotoka vijijini Morogoro kwenda kuishi Dar es Salaam, na matokeo yakatoka mwaka 2010: ndani ya mwaka mmoja tu walikuwa wameongezeka, kwa wastani, zaidi ya kilo mbili. Kabla ya kuhama, karibu wanaume wanane kati ya kumi walikuwa na shughuli za nguvu. Mwaka mmoja baadaye walibaki kama robo.

KOCHA: Basi jibu mmeshalitoa wenyewe. Watu wameacha kutumia miili. Mtumishi anatoka Ilazo kwa gari, anakaa Mtumba kutwa, anarudi kwa gari, anakaa tena mbele ya televisheni. Desemba 2016 Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Sisi tuliitikia, na hatukuishia Jumamosi moja. Alfajiri tuko nje ya Uwanja wa Jamhuri, tunazunguka mpaka chini ya Mlimwa, tunarudi jua likichomoza. Kaka, wewe njoo ukimbie, kitambi kitaondoka chenyewe.

MTUMISHI: Mwalimu, mimi nilikuja. Nilianza na kilo 98, nikafika 86, mpaka mkanda nikautoboa tundu jipya. Lakini tukimaliza Jumamosi gari linaelekea wapi? Msalato, mnadani. Mbuzi wanachomwa tangu asubuhi, na mtu aliyekimbia kilomita nane anajiona ana haki. Nyama, ndizi, soda mbili. Siku za kazi ndiyo usiseme: chai ya saa nne chapati mbili na supu, kukiwa na semina vitafunwa vinakuja mara mbili, na ukikaa bila kula unaonekana unaringa. Kisha goti likauma. Nikaacha kukimbia miezi miwili, ila kula sikuacha. Sasa hivi niko 99.

MUUGUZI: Pole sana kaka. Hadithi yako naisikia kliniki kila wiki, goti linabadilika tu, mara kiuno, mara uhamisho. Mwalimu, mazoezi nayaheshimu, lakini ukimwahidi mtu kwamba peke yake yatamwondolea kitambi, utamvunja moyo. Ushahidi hauko mbali. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, wengine wako Mkalama, hapo Singida, walipimwa na Herman Pontzer na wenzake, akiwemo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Watu wazima 30 walinyweshwa maji yaliyowekwa alama maalumu, mkojo wao ukapimwa kwa siku kadhaa, ikajulikana mwili unatumia nishati kiasi gani kwa siku. Ni watu ambao mwanamume hutembea kama kilomita 11 kwa siku na mwanamke karibu 6, wanachimba mizizi, wanapanda mibuyu kufuata asali. Ukishazingatia ukubwa wa miili, nishati waliyotumia kwa siku haikuzidi ya Wamarekani na Wazungu wanaokaa ofisini.

KOCHA: Haiwezekani. Kama ni hivyo, mbona Wahadzabe hawana vitambi? Na asali wanakula nyingi.

MUUGUZI: Mwili una namna yake ya kubana matumizi: ukitumia zaidi kwenye miguu, unapunguza kwingine. Hawana vitambi kwa sababu chakula chao hakiwafuati walipo. Mzizi unachimbwa, tunda linachumwa, nyama ya porini haina mafuta mengi, na asali unaipata kwa kupanda mti na kuumwa na nyuki. Hakuna anayepita na beseni la maandazi mlangoni. Sasa piga hesabu ya mjini. Mtu wa kilo 90 akitembea kilomita tano anatumia kama kalori 300. Hiyo haifiki nusu ya sahani ya chipsi mayai. Soda moja ya chupa ina sukari karibu vijiko tisa vya chai, na unaimaliza kabla hujakaa sawa.

Naingilia hapa, kwa sababu wengi wakifika kwenye habari ya Wahadzabe husema: basi mazoezi hayana kazi. Si kweli, na kosa hilo linawagharimu watu. Huko Marekani, mwaka 1994, Rena Wing na James Hill walianzisha rejista ya watu waliopunguza uzito wakafanikiwa kukaa hapo. Walioandikishwa wamepita 10,000. Kwa wastani wamepungua kilo 30 na hawajazirudisha kwa zaidi ya miaka mitano. Walijiandikisha wenyewe, kwa hiyo hawawakilishi kila mtu, lakini wanachofanana kinafundisha. Njia za kushusha uzito zilitofautiana. Kwenye kuutunza wakawa karibu kitu kimoja: asilimia 90 wanafanya mazoezi, kwa wastani saa moja kwa siku, na zoezi lililopendwa kuliko yote ni kutembea. Robo tatu hujipima angalau mara moja kwa wiki. Wengi hawaachi kifungua kinywa.

Kwa hiyo Kocha na Muuguzi wanabishana kuhusu kazi mbili tofauti. Uzito unashushwa zaidi na sahani. Kurudi unazuiwa zaidi na miguu, tena miguu ya kila siku, si ya Jumamosi ya pili.

MTUMISHI: Sawa. Lakini kwa nini unarudi kwa nguvu hivyo? Bosi wangu aliniambia sina nidhamu, na mimi nikaamini.

MUUGUZI: Usiamini. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne walichapisha habari za watu 50 waliopunguzwa uzito kwa chakula kidogo sana kwa wiki kumi. Mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado hazijatulia. Mwili ulikuwa unadai kilo zake. Na washindani 14 wa shindano la televisheni la Marekani la kupunguza uzito, walipopimwa miaka sita baada ya shindano, wengi walikuwa wamenenepa tena, na miili yao ilitumia kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Wale walikuwa na makocha, mizani na kamera. Mtu akirudisha uzito, mimi simwiti mvivu. Namuuliza: ulipofika kilo 86, ulipanga nini cha kufanya keshokutwa?

MTUMISHI: Sikupanga kitu. Nilidhani nimemaliza.

KOCHA: Na hizi chai za kupunguza tumbo wanazouza mitandaoni?

MUUGUZI: Nyingi zinaharisha. Unapoteza maji, mizani inashuka, ukinywa maji inapanda. Sindano mpya za hamu ya kula ni dawa ya kweli na zinashusha uzito, lakini bei yake si ya mshahara wa kawaida, na kwenye utafiti mmoja mkubwa walioziacha walirudisha theluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka mmoja. Hata sindano haikwepi swali la keshokutwa.

MAMA LISHE: Mnanisema tangu mwanzo na hamjaniuliza kitu. Njooni saa saba mchana muone. Ugali naukandamiza kwenye bakuli, naupindua katikati ya sahani. Nyama vipande vitatu, maharage upawa mmoja, mchuzi, na mchicha kidogo pale ukingoni. Mteja akipokea hatazami mchicha. Anatazama ugali. Nikipunguza kidogo anasema, "Mama, leo umeninyima." Nyama anaihesabu. Siku moja nilijaribu kuongeza mboga nikapunguza ugali, wateja wawili wakahamia kwa jirani. Mafuta mnayonilaumu mimi nayapima kwa kijiko, maana yana bei. Mwenye karai limejaa mafuta ni wa chipsi, si mimi.

MUUGUZI: Ni kweli, dada. Na mboga ingeongezeka ingesaidia sana.

MAMA LISHE: Mboga gani, ya mwezi gani? Hapa si Lushoto. Mvua zinakatika Aprili, na kuanzia Agosti fungu la mchicha linabaki la kushika kwa vidole viwili, bei imepanda. Nyama choma haina kiangazi.

BIBI: Ndiyo maana mlenda unaanikwa, mwanangu.

MAMA LISHE: Shikamoo bibi, samahani, sikukusalimu.

BIBI: Marahaba. Wakati wa mvua majani ya porini yamejaa, na ya kunde shambani. Tunachuma, tunaanika juani, yakikauka tunayaponda na kuyaweka. Kiangazi chote unachota gao moja, unatia kwenye maji yanayochemka na magadi kidogo, nyanya kama ipo, karanga zilizotwangwa. Unakula na ugali wa uwele. Matonge machache umeshiba mpaka jioni. Nyie mnapanga foleni kununua mboga ya maji, na sokoni Majengo mlenda mkavu umelala kwenye magunia mwaka mzima.

MUUGUZI: Bibi amesema jambo ambalo kliniki tunalisahau. Tunawapa watu orodha za vyakula vinavyotoka mbali. Unga wa uwele, wa mtama, na dona, una nyuzinyuzi ambazo sembe imeshazipoteza kinuni, ndiyo maana shibe yake inakaa. Ila bibi, uwele nao ukiliwa mlima unanenepesha.

BIBI: Mlima nani alikuwa nao? Msiniambie unene ni ubaya tu. Mama yangu alikulia kwenye masimulizi ya Mtunya. Watu walikula ngozi. Mtoto mwenye mashavu alikuwa ni shukrani kwa Mungu. Na sisi mwili ulikuwa unafuata mvua: baada ya mavuno unajaa, ikifika Januari na Februari ghala limekwisha na jembe liko mkononi, unapungua. Hakuna aliyejipima. Nyie mnavuna kila siku, na kulima hamlimi.

Mtunya anaoutaja Bibi ni njaa iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920. Majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosekana. Naiona njaa ile ikiwa bado mezani kwetu, kwenye mkono wa mama anayemwongezea mgeni bila kuuliza na kwenye aibu ya sahani isiyojaa. Ushauri wa afya unaoidharau heshima hiyo hautasikilizwa Dodoma, na haustahili kusikilizwa.

MTUMISHI: Hapo ndipo nilipobanwa mimi. Nilipofika kilo 86 ndugu walianza kumpigia simu mke wangu: "Mbona kaka amekonda hivyo, anaumwa nini?" Kazini wakawa wananong'ona. Mke wangu akaingiwa na hofu, akawa ananiongezea.

MUUGUZI: Na unajua walichokuwa wanakifikiria. Kizazi chetu kilizika vijana waliokonda. UKIMWI ulitufundisha kuogopa shingo nyembamba, na kila aliyenenepa tukamwona amepona. Kwa hiyo mimi simwambii mgonjwa akonde. Namwambia wewe wa kilo 99, tuanze na kilo saba. Si uzito wa kijana wa miaka ishirini. Kwenye utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliotoka mwaka 2002, watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa walifuatiliwa. Waliolenga kupunguza asilimia saba ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, kisukari kilipungua kwao kwa asilimia 58 kuliko kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Asilimia saba tu. Jirani hataona, na wala hatapiga simu.

MTUMISHI: Saba naziweza. Kuzizuia je?

MAMA LISHE: Kaka, niulize mimi. Nyumbani anapika nani?

MTUMISHI: Mama watoto, na dada wa kazi.

MAMA LISHE: Ulipokuwa unapungua walikupikia nini?

MTUMISHI: Changu peke yangu. Wao wali na kuku wa kukaanga, mimi kabichi na mayai ya kuchemsha.

MAMA LISHE: Hapo ndipo uliporudia. Mpishi gani atawasha moto mara mbili kila siku kwa miaka mitano? Atachoka, au utachoka wewe kuwatazama wenzako wanavyokula.

BIBI: Mtu mzima hali chungu chake peke yake ndani ya nyumba yake. Hiyo ni adhabu. Mwambie mkeo mpike mlenda wa wote, na kuku achemshwe, wote mle. Na watoto watakulia humo.

Katika yote yaliyosemwa, haya ya Mama Lishe na Bibi ndiyo ninayoyapa uzito kuliko hata takwimu za Marekani. Tumezoea kumtibu mtu mmoja mwenye kitambi kana kwamba anaishi peke yake. Anapewa karatasi yake, chakula chake, ratiba yake ya alfajiri, kisha anarudishwa kwenye nyumba, ofisi na barabara zilizomnenepesha. Anashindana nazo miezi sita, halafu anachoka. Kinachokaa ni kile ambacho hakihitaji kukumbukwa: sufuria moja ya watu wote, mafuta yanayopimwa kwa kijiko, soda isiyoingia ndani ya nyumba isipokuwa siku ya sherehe, maji kwenye jagi mezani, mizani ya Jumapili kabla ya ibada, na njia ya kila siku inayopitwa kwa miguu.

KOCHA: Mimi bado nasema waje wakimbie. Klabu inampa mtu wenzake. Akikosa siku mbili tunampigia simu. Hiyo nayo ni nyumba.

MUUGUZI: Hilo nakubali, mwalimu. Ila anzisheni na kundi la kutembea, la wenye magoti na la kina mama. Dada wa Nkuhungu hawezi kutoka peke yake alfajiri giza likiwa bado nene. Kundi la saa kumi na mbili jioni, baada ya kazi, njia zenye taa na watu, litawapata wengi mnaowakosa.

KOCHA: Jioni tutaanza. Nyerere Square mpaka Chinangali, kisha tunarudi. Na Jumamosi tutajadili hiyo safari ya Msalato.

MTUMISHI: Msalato msiifute, jamani. Tugawane nyama kilo moja watu wanne, na soda tuiache.

Muafaka huo wa Mtumishi ni bora kuliko nadhiri. Mtu anayeapa hatagusa nyama choma tena ataivunja nadhiri yake kabla ya mwezi kwisha. Anayegawana kilo moja na wenzake watatu anaweza kuendelea hivyo mpaka astaafu.

Limebaki eneo moja ambalo mke, Bibi wala Kocha hawalifikii, nalo ni ofisi. Dodoma ni mji wa vikao. Maelfu ya watu hapa hula mlo mmoja au miwili ya siku ya kazi kwenye meza waliyoandaliwa na mtu mwingine, aliyejaza fomu wiki moja kabla. Chai ya saa nne yenye sambusa, chapati, soseji na soda huliwa kwa sababu ipo mezani, na kwa sababu kukataa kunaonekana kiburi. Fomu ikibadilika, ukumbi mzima unabadilika bila mtu yeyote kuaibishwa kwa mwili wake.

Ombi langu ni kwa maafisa wanaoandaa semina na vikao katika wizara, halmashauri, vyuo na kumbi za jiji hili. Kwenye orodha ya chai andikeni mihogo ya kuchemsha, karanga, ndizi, matikiti na maji, mfute soda. Kwenye chakula cha mchana agizeni mlenda uwepo, pamoja na ugali wa uwele au dona, na mboga iwekwe mwanzo wa meza, kabla ya wali. Hili halihitaji fungu jipya wala waraka kutoka juu. Lianze na kikao cha wiki ijayo.